Orodha Iliyokatikia kwa Mwenyekiti

Kirumba, Mwanza
18 Novemba

Dada Prudencia,

Shikamoo. Shemeji Nestory mkono unaendeleaje? Watoto wanaamka salama hapo Kamanga? Mimi mwili mzima, ila roho imenichafuka kwelikweli. Kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, ulilotuma kwa kivuko nimelipata. Sijaonja hata mmoja.

Unajua tovuti ya chama chetu cha wavuvi ndiyo hutuma ujumbe wa upepo kwenye simu za mitumbwi yote. Siku mtumbwi wa shemeji ulipopinduka, ujumbe haukumfikia, nami nikakuambia fundi wetu, Luhende, ni mzembe. Ukamlaani, chama kikamsimamisha, na Ijumaa kikao kinamfukuza.

Jumatatu alikuja ofisini, kwenye meza yangu ya ukarani, kuchukua vitu vyake, akaomba aangalie kompyuta mara moja tu. Alinieleza kwamba programu husoma orodha mtumbwi kwa mtumbwi, na ikikuta pasipo na namba ya simu inakufa palepale. Akanionyesha ilipofia. Mtumbwi wa mwenyekiti! Bwana yule aligoma kuandika namba, eti Mwanza nzima inamjua. Lo! Waliomfuata kwenye orodha wote hawakupata kitu, na Nestory yumo. Na huyohuyo ndiye atakayeongoza kikao. Kinyaa gani hiki, dada?

Luhende akauliza mbona seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti, haikutoa onyo, maana programu ikikatika njiani huandika onyo kila mara. Nikamjibu sijui.

Nilijua. Wiki tatu nzima kabla ya ajali maonyo mekundu yalijaa kwenye skrini, kwamba programu imetoka kabla ya kumaliza. Niliyaona kero tu. Wageni walipokaribia kuja kukagua ofisi, mwenyekiti alitaka skrini safi, nami nikayazima. Sikumwambia Luhende, wala sikuyawasha tena. Kisha nikamtupia yeye lawama, wewe ukanishukuru kwa senene. Najichukia.

Leo asubuhi nimemwambia Luhende ukweli. Hakunitukana. Aliniomba tu tukae tujaze namba zinazokosekana, upepo usije ukatuwahi tena. Ijumaa nitasema yote kikaoni, mbele ya mwenyekiti. Njoo na shemeji mkae mbele, nisije nikaogopa.

Nisalimie watoto, na mama ukimpigia simu Bukoba. Aliyekuletea barua hii anakurudishia kopo, limefungwa vilevile. Ukiona bado nastahili, utanipa kwa mkono wako.

Mdogo wako,
Leonsia