Bonaparte Kichwani kwa Wanu

Mkunazini, Unguja
3 Machi 1970

Mwanangu Mcha,

Natumai u mzima huko Paris na baridi imepungua. Mimi sijambo, miguu tu. Mdogo wako Wanu ndiye hajiwezi.

Ile picha uliyotuletea, kaburi la mfalme wa Wafaransa, aliibandika ukutani. Tangu hapo tumbo linamkata, hali chakula, anatembea chumbani mkono kautia ndani ya kanga. Hospitali hawakuona kitu. Nikamwita Bi Borafya, fundi wa pepo wa kibuki, akafukiza ubani, akamwuliza aliyempanda: nani wewe? Mcha, Wanu kajibu Kifaransa! Jirani yetu Mngazija akatufasiria: "Mimi Bonaparte. Nilifia kisiwani. Mifupa walikuja kuichukua, mimi wakaniacha. Nataka kwetu."

Nifanyeje? Mtoto anakwisha.

Mama yako,
Mize

Paris
29 Machi 1970

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, bado naosha vyombo hotelini. Lo, mama! Mtu kapigana na Ulaya nzima, watu wamemfia kwa malaki, mpaka Waingereza wakamfungia kisiwa cha Santa Helena, leo aje kupanga Mkunazini? Mpelekeni Wanu kwa daktari Dar es Salaam. Na huyo mgeni wenu mwambieni nnamkaribisha kwangu. Chumba kidogo, tutabanana.

Mwanao,
Mcha

Mkunazini
18 Aprili 1970

Mwanangu Mcha, mzima weye?

Barua yako tuliisoma kwa sauti kama ada yetu, nyumba nzima tumekaa, Wanu kalala kati. Ilipofika pale ulipomkaribisha, Bi Borafya akaipokonya, lakini wapi, neno lishatoka. Pepo hakaribishwi kwa mzaha, na weye umekulia humu! Wanu akainuka, akatupigia saluti, akaanguka. Alipozinduka aliomba uji. Sasa anakula na kucheka, na mimi nakuogopea weye. Soma Ayatul Kursi ukilala. Nijibu upesi.

Mama yako,
Mize

Paris
2 Juni 1970

Mwanamke,

Nimefika. Mifupa yangu iko karibu, lakini askari wa mlangoni hawanijui. Mwili huu dhaifu, mikono imeliwa na sabuni. Tumbo limeanza. Kijana anakuita wewe, nimemwamrisha anyamaze. Usiandike tena.

Bonaparte

Mkunazini
20 Juni 1970

Bonaparte,

Assalamu alaykum, hata wewe. Nimeikalisha nyumba nzima, nasema mbele yao, na mimi sina mzaha: nakukaribisha. Mcha kijana, hata hajaoa. Mimi nshazaa, nshazika, maumivu nshayazoea. Huko hakuna akujuaye. Hapa utapewa kiti na brandi, ada ya pepo wa kibuki, na ukipita tutasimama. Niachie mwanangu.

Mama yake Mcha

Paris
11 Julai 1970

Mama yangu, shikamoo.

Nimeamka leo na barua yako mkononi. Tumbo haliumi tena. Umefanya nini, mama? Maneno niliyasema mimi, malipo ulipe wewe? Natafuta meli, nakuja. Nijibu wewe mwenyewe, nakuomba.

Mwanao,
Mcha

Mkunazini
9 Agosti 1970

Kijana,

Marahaba. Mama yako kanilazimisha nianze hivyo. Wafalme walinipa funguo za miji yao, huyu nikitaka kusema ananambia ningoje, anaswali. Tumbo linamuuma, halii. Jioni ananichukua Forodhani, nakaa naitazama bahari.

Anasema ule vizuri, uoe, na usikanyage Unguja maadamu mimi nimo.

Bonaparte