Kranki Kutoka Goweko

Ulyankulu,
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Mathias,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo kaka. Naamini barua hii inakukuta mzima hapo Morogoro, pamoja na wifi Magreth na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini likishapata moto huwezi kumshika, anazunguka shambani kama msichana. Mahindi tumeshayaingiza ndani. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na habari zake ndizo zilizonikalisha chini niandike.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu zipo. Lakini kaka, tangu siku ile uliyogombana na Baba, simu ya nyumbani hupokei, na yangu pia hupokei. Sikulaumu. Nilikuwepo karibu Baba alipokwambia injini ya kuokotwa haitaingia kwenye gari lake, na nilisikia ulivyomjibu kwamba anapenda chuma kuliko wanawe. Kwa hiyo nampa Dismasi wa kwaya, anayekuja huko kwa treni, akukabidhi mkononi. Tafadhali isome mpaka mwisho.

Nianzie pale ulipoachia. Land Rover ya Baba iliponoki, injini ikafa katikati ya msitu, tukaivuta na trekta ya chama cha msingi mpaka Ng'ambo kule mjini, kwa fundi Wilbroad. Aliishusha injini, akaifungua, akanionyesha kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imekatika vipande viwili. Akanieleza vizuri, nami nakueleza kama alivyosema. Alisema njia ni mbili. Ya kwanza ndiyo ile yako, kufunga ile injini ya dizeli ya Hiace uliyokuwa umeipata. Ingetaka kukata na kuchomelea maunti mpya za kuishikilia, kutengeneza bamba la kuiunganisha na giaboksi ya zamani, na kwenda kubadilisha kadi ya gari. Lakini spea zake zinauzwa kila mahali, na gari lingekuwa na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani. Njia ya pili ni kuirudisha injini yake ya kuzaliwa nayo na kuiboresha: pistoni na ringi mpya, radieta kubwa zaidi, na kuondoa platini zile za kuwashia moto zilizokuwa zikitusumbua kila masika. Kikwazo ni kranki. Alisema ya aina ile haitengenezwi tena, labda itoke kwenye gari lililokufa.

Nilipompelekea Baba habari hizo hakufikiri hata kidogo. Alisema injini ni ileile. Mama akamwomba, akamkumbusha kwamba wagonjwa wa kijiji kizima wanategemea gari hilo, na kwamba injini yako ipo tayari. Baba akasema ileile au gari likae. Ndipo ukapigiwa ile simu, ukajibiwa ulivyojibiwa.

Sasa kaka, kuna jambo ambalo hukulijua kwa sababu ulikuwa mbali. Kabla gari halijaharibika, Baba alikuwa ameanza kuendesha vibaya. Siku moja, akimpeleka Jeska wa jirani kujifungua, aliacha barabara akaingia kwenye shamba la tumbaku, akasema anakwepa shimo. Shimo halikuwepo. Siku nyingine alipita katikati ya waendesha baiskeli wa mkaa, wakaruka huku na huku. Mama alikuwa akisikia gari linawaka anakwenda chumbani kushika rozari. Lakini nani angemwambia Mzee Havyarimana aache usukani? Wewe unamjua. Basi injini ilipokatika, mimi nilipumua. Gari likikaa juu ya mawe pale Ng'ambo, nilijisemea, angalau Baba atakuwa hai, na watu watakuwa hai. Ndiyo maana hata mimi sikuitetea injini yako. Ingefungwa haraka mno.

Kumbe Wilbroad hakulala. Dereva mmoja wa lori la tumbaku alimwambia kuna Land Rover ya aina ile Goweko, imekaa nyuma ya nyumba ya bibi mmoja tangu mumewe afariki. Wilbroad akanipigia simu kwa furaha, akasema tukaione. Ningekataaje? Tukapanda lori la mbolea, tukaifuata ile njia ya wapagazi wa zamani kuelekea mashariki, yeye akinihadithia pistoni na mimi nikiomba moyoni kranki hiyo iwe imeoza.

Bibi mwenyewe anaitwa Bi Zuwena. Alitupokea vizuri, akatupa maji na karanga, akafukuza kuku waliokuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Alisema mumewe alilipenda gari lile, na watu wengi wamekuja kulitaka kwa ajili ya vyuma chakavu akawafukuza. Alipotuuliza letu linafanya kazi gani, nikamwambia linabeba wagonjwa, mazao, wanakwaya na majeneza. Akasema chukueni, mume wangu angefurahi likitembea tena hata kwa kipande. Wilbroad aliifungua injini palepale chini ya jua. Kranki ilikuwa safi, ina mafuta bado. Wilbroad alicheka peke yake kama mtu aliyepata mtoto. Mimi nilikwenda pembeni nikasingizia kunawa mikono.

Baba alipoambiwa imepatikana hakufurahi nilivyotegemea. Alisema, "Haya," akainuka, akaenda kukaa nyuma ya jiko. Tangu siku hiyo chakula kikawa hakimpiti. Mama alidhani ni malaria, tukampima, hana. Mimi nilidhani ni hamu ya kurudi barabarani inamtesa, nami nikazidi kuogopa.

Siku gari lilipokuwa tayari tulikwenda naye Ng'ambo. Wilbroad aliliwasha. Kaka, ungelisikia! Linanguruma sawa na zamani, ila halikohoi. Akamwambia Baba achukue usukani ili walijaribu gari mpaka Tura na kurudi, barabara ya kutosha kuona kama joto linapanda. Baba akapanda, akashika usukani, mimi nikakaa pembeni yake nikiwa nimekaza miguu. Akasikiliza kwa muda mrefu. Halafu akazima. Akamwomba Wilbroad atuletee chai kwanza.

Tulipobaki wawili aliniuliza, "Mwanangu, hapo mbele yetu kuna nini?"

Nikadhani anatania. Nikamjibu, "Kuna ukuta wa bluu, Baba, na mama anayeuza vitumbua."

Akasema, "Mimi naona mwanga kidogo katikati, pembeni kote giza."

Kaka, hilo ndilo nililotaka ulijue, na yeye mwenyewe ameniruhusu nikuandikie. Jicho lake la kushoto halioni kabisa, na la kulia linaona nusu. Alikuwa akiendesha kwa kukumbuka barabara. Siku ile injini ilipokatika alimshukuru Mungu palepale msituni. Halafu wewe, kwa wema wako, ukasema una injini tayari. Aliniambia hivi, na nakuandikia kwa maneno yake: "Injini ya Mathias ingefungwa mara moja, ningerudi barabarani, ningeua mtu. Nikasema nataka ileile kwa sababu nilijua kranki yake haipatikani duniani. Nikawaacha mtafute."

Nilimuuliza kwa nini hakusema tu. Akajibu kwamba tangu atoke Burundi akiwa kijana hana kitu mkononi, kitu cha kwanza watu wa hapa walichomjua nacho ni kushika usukani. Mtu akigonga mlango kwamba mgonjwa amezidiwa, angemjibu kwamba Havyarimana haoni? Hakuweza kulitoa neno hilo mdomoni. Likageuka ugomvi na wewe.

Nami nikamwambia yangu, kwamba kule Goweko nilikuwa naomba kranki iwe imeoza. Akageuza uso kuifuata sauti yangu. Halafu akacheka, Mathias. Alicheka mpaka akakohoa, mimi nalia na kucheka pamoja naye, na Wilbroad akarudi na chai akatukuta hivyo, akadhani injini imetufurahisha.

Mpaka Tura niliendesha mimi. Leseni yangu ninayo tangu nianze kufundisha, ila gari lile Baba hakuwahi kuniachia. Alikaa pembeni akinielekeza gia kwa kusikia tu, na joto halikupanda hata kidogo. Kesho yake nikampeleka hospitali, Mama akiwa nasi. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. La kushoto halitarudi, lakini la kulia, akitumia matone bila kuacha, litabaki kama lilivyo. Tulikuwa tumejiandaa kusikia mabaya zaidi. Mama aliposikia alikaa chini kwenye korido, akavua viatu, akasema sasa naweza kulala.

Kwa hiyo kaka, hukukataliwa. Baba hakuichukia injini yako, aliiogopa, na Wilbroad mwenyewe anasema ni injini nzuri, ifanyie kazi unayotaka. Wagonjwa sasa nawapeleka mimi nikitoka shuleni, Baba akiwa pembeni. Tukipishana na mtu, Baba ananiuliza ni nani, nikimtajia anatoa mkono dirishani na kumwita kwa jina. Watu wanasema Mzee siku hizi amekuwa mchangamfu.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na Dismasi usimwachie arudi mikono mitupu maana Mama anatamani machungwa ya huko. Mama anakuombea. Baba yuko hapa kibarazani ninapoandika, simu yake iko kwenye mfuko wa shati, na kila ikilia anauliza kama ni wewe. Piga yake, usipige yangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Agnetha