Baba Kabla ya Babu

Bellevue, Johannesburg
Jumapili alasiri

Mdogo wangu Hélène,

Amani ya Bwana na iwe nyumbani mwenu. Mmeamkaje huko Uvira? Mgongo wako umepoa? Mdogo wetu Thierry na watoto wake hawajambo? Huku kwetu tu wazima. Carmel amerefuka hadi sketi za shule zinamkana, na Gaël bado sufuria haimtoshi. Joto limerudi. Mimi mwenyewe nipo, nakula, nalala. Hilo “nipo” lipokee hivyo hivyo, sina la kuliongezea.

Barua hii anakuletea François, yule mshonaji wa Yeoville, anayekuja kumwona mamake. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nashindwa. Nikimsikia baba mdogo akikohoa nyuma yako, akisubiri jibu, nasema nakuja, halafu nakata. Najua mnachosubiri. Tangu tumzike mama (nasema “tumzike” ingawa mimi sikuwepo) kaburi lake bado ni udongo mtupu, kwa kuwa katika ukoo wetu jiwe la kwanza huwekwa na kifungua mimba, na kifungua mimba ni mimi. Umeniambia mvua imeanza na udongo unadidimia upande wa kichwani. Nimekusikia.

Ila ngoja kwanza nikupe habari za kazi, maana ndizo zinazojaza siku zangu.

Bado nafundisha kwa Mama Mwatumu, yule Mtanzania anayekaa na watoto wa watu baada ya shule, kwenye ukumbi wa kanisa. Wazazi wanataka watoto wao wajue Kiswahili. Watoto wanakielewa, lakini wanajibu kwa Kiingereza, na wakikasirika, kwa Kizulu. Mama Mwatumu aliposikia msiba aliniambia nibaki nyumbani, watu waje wakae nami. Nilimwambia nyumbani kuna viti viwili tu. Kesho yake nikaenda kazini. Njiani nilivuka wakati taa za barabarani, roboti wanavyoziita huku, zinanikataza. Dereva wa teksi akanitukania mama yangu, nami nikamwitikia asante. Mama yetu, Hélène, siku moja tu baada ya kufariki, na tusi hilo wala halikuniuma.

Ijumaa iliyopita somo lilikuwa kupanga maneno kwa alfabeti. Nilikata kadi kutoka kwenye maboksi ya sabuni, nikaandika maneno ya jamaa: mama, babu, kaka, mtoto, baba, dada, bibi. Tukaimba herufi. Nikawaeleza kwamba tunatazama herufi ya kwanza, zikifanana tunahamia ya pili, hivyo hivyo mpaka zitofautiane. Hénock, mtoto wa kinyozi, ana miaka sita na maneno ya mzee wa baraza. Alimaliza kabla ya wote: babu, bibi, baba, mama, kaka, dada, mtoto. Nikamwambia amekosea. Akaniuliza kwa upole amekosea wapi, maana ndivyo wanavyonawa mikono kwao wakati wa kula.

Nikamwonyesha kwamba baba na babu wanakwenda pamoja hadi herufi ya mwisho, kisha a inatangulia u, kwa hiyo baba anakuja kabla ya babu. Akakataa. Akasema babu yake akisikia hivyo hatakula. Shiko, binti wa Mkenya wa benki, akamwambia kwa Kiingereza kwamba herufi hazina adabu, azipange tu. Hénock akafikiri sana, kisha akauliza je, wa mbele asipokuwepo? Nikamjibu ninavyowajibu kila mwaka, kwamba neno lisipokuwepo, linalofuata linasogea mbele, hatuachi nafasi. Akaona ni haki, akaendelea na kadi zake. Mimi nikabaki nimeshika chaki. Mama Mwatumu alikuwa mlangoni ananitazama, nadhani alitegemea nilie. Hata mimi nilitegemea.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Sitakuja. Si mwezi ujao, wala Krismasi. Karatasi yangu ya ukimbizi nilipewa kwa kuwa nilisema siwezi kurudi kwetu. Nikirudi, hata kwa siku moja ya kaburi, inakufa, na huku sitaingia tena. Carmel na Gaël wako hapa, na baba yao alishaondoka, unajua. Haya niliyajua asubuhi ile ile uliponipigia kunipa habari, na bado nikawaambia nakuja. Si nauli iliyonizuia. Nimechagua watoto, nikamwacha mama. Tangu siku hiyo sijatoa chozi, na naogopa kwamba sitalitoa.

Kwa hiyo jiwe liweke wewe. Baba mdogo atasema ukoo haujafa hata wa pili atangulie. Msomee barua hii mbele ya watu, ajue kwamba mimi mwenyewe nimekupa nafasi yangu. Na isiwe ya jiwe peke yake. Watoto wa Thierry wakioa, mashamba yakigawanywa, waanze kwako. Msinisubiri kwa lolote. Fanya kabla mvua haijakolea.

Nisalimie Thierry na watoto, nisalimie baba mdogo, majirani wote, na mama. Nimeandika “na mama” kwa mazoea, kama katika barua zote. Sifuti. Ukipanda makaburini na jiwe, mfikishie.

Dada yako,
Orpha