Orodha ya Pili ya Diski

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeringa mpaka shingo inauma! Kampuni ya mabomba ya gesi, ile ya ofisi za vioo, imemletea kazi binti yangu. Hapa hapa sebuleni, kando ya cherehani yangu. Ramani za mabomba yao ziko kwenye diski ya zamani, na mashine iliyokuwa ikiisoma ilishakufa. Binti anatengeneza programu ya kuiiga ndani ya kompyuta — mashine ya bandia! Mtaa huu nani mwingine amezaa hivi? Ajitokeze!

Jumatano, 5 Machi

Ramani zimefunguka. Nimepiga vigelegele peke yangu. Yeye kanuna. Anasema diski huanza na orodha: kila fungu la ramani linaanzia wapi, na mwisho ni wapi. Programu imesoma mafungu sita. Lakini diski ukiigeuzageuza kwenye mwanga ina mstari, kama kitambaa kilichoungwa. Eti imerekodiwa mara mbili, huenda kuna orodha ya pili hajaiona. Nikamwambia, wee, umezidi kujitilia shaka. Kula kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Binti alitoka kutafuta kifaa kingine cha kusomea diski. Nyuma yake akaingia msimamizi wa uchimbaji wa kampuni ile, mtu wa haraka, funguo za gari mkononi. Akauliza, mama, ramani vipi? Nikamjibu, zimeisha kitambo! Mwanangu hana kazi nusu nusu. Flashi aliyonakilia ramani ilikuwa mezani — nikampa. Akacheka, mama umezaa kichwa! Na katapila lao anaendesha nani? Kitinda mimba wangu! Watoto wawili, kazi moja. Binti sijamwambia. Sifa azisikie kwa wenyewe.

Ijumaa, 7 Machi. Saa nne asubuhi

Orodha ya pili ipo. Binti kaipata sasa hivi. Mafungu manne mengine — ramani mpya. Bomba kubwa lilihamishwa zamani, likapitishwa nyuma ya zahanati. Pale pale wanapochimba leo. Ramani niliyompa msimamizi inaonyesha udongo mtupu.

Akauliza, mama, flashi iko wapi? Nikamwambia. Hakunifokea. Bora angefoka. Alinitazama tu, akasema, piga simu, usiache kupiga — akatoka mbio, viatu kaviacha mlangoni.

Msimamizi hapatikani. Simu ya kitinda mimba wangu inaita tu. Atasikiaje, na kelele za lile dude? Mara ya kumi na moja sasa. Naandika huku ikiita.

Mngurumo wa katapila unafika mpaka hapa dirishani. Asubuhi niliwaita majirani: njooni msikie, huyo ni wangu!

Kumi na mbili. Pokea, baba. Mama yako nakuomba, pokea.

Kumi na tatu.

Mngurumo umekatika. Ghafla. Binti hawezi kuwa ameshafika, kwa miguu ni mbali.

Simu bado inaita —