Jina Lisilochongwa

Kwako mume wangu,

Nakuandikia nikiwa kibarazani petu hapa Pasiansi. Suruali ya watu bado iko kwenye cherehani, sijaimaliza. Binti yako Klara amepiga simu tena kutoka Ufaransa. Anataka maneno ya kuchonga kwenye jiwe la kaburi lako. Ya kwao wameshayapanga: mwanafizikia wa nyuklia, mwandishi wa insha. Ananiuliza mimi naongeza nini. Nimechelewa kumjibu kwa sababu nina wivu, na sijui nimwonee nani.

Wivu huu ulinianza siku ya mazishi, katekista aliposoma wasifu wako. Ulikozaliwa, shule ulizosoma, vinu vya nyuklia ulivyovifanyia kazi, insha ulizoandika kuwauliza wenzako kama wana hakika na wanachokifanya, wakubwa walivyokununia, kisha nishani. Watu waliguna kwa heshima. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka, nasubiri zamu yangu. Ikaja mwisho kabisa: "Ameacha mjane." Basi. Mama Kulwa wa jirani akaninong'oneza, "Kumbe tulikuwa tunampa dagaa mtu mkubwa hivi!" Nilitamani kumfinya.

Huyo wa kwenye wasifu mimi simjui. Namjua mzee aliyeniletea suruali iliyochanika gotini, akanipa shikamoo wakati mimi ndiye mdogo. Kwa aibu nikaitikia marahaba. Ulipokuja kuambiwa kosa lako hukuliacha. Kila asubuhi, na mvi zako zote, "Shikamoo, fundi."

Unakumbuka siku ya jabali? Ulichukua kile kifaa chako cha kupimia mionzi, ukakiweka juu ya jabali nyuma ya nyumba, kikaanza kulia tik, tik, tik. Uliniambia mawe ya namna hii yana mionzi kidogo tangu dunia iumbwe, nisiogope. Lakini Mama Kulwa alikuwa amesikia mlio. Kabla ya mchana uwanja ukajaa wanaume wenye sururu na makarai.

"Mzee, mwamba unaelekea wapi?"

"Mwamba gani?"

"Wa dhahabu! Usitufiche bwana, mashine imelia."

"Hakuna dhahabu hapa."

"Ndivyo wanavyosemaga," mmoja akawaambia wenzake, "kesho mtaona wameweka uzio."

"Mama, mwambie mumeo aseme ukweli, tugawane!"

Ulikaa juu ya jabali ukawafundisha mpaka koo likakauka, na wao wakachimba matuta yangu ya viazi yote. Jioni tulivichemsha vile viazi, tukala pamoja nao. Ulicheka hadi ukashika mbavu.

Nilidhani siku ile ni ya kwetu. Klara ameniambia imo kwenye kitabu chako cha mwisho, na huko kwenu watu wanaisoma ndani ya treni wanacheka. "Ndiyo insha wanayoipenda kuliko zote," akasema kwa Kiswahili chake cha kujikaza. "Na wewe umo, mama mdogo." Nikamuuliza nimo vipi. Akatafuta neno. "Mwanamke wa viazi."

Mke wako wa kwanza sijawahi kumwonea wivu, Mungu amrehemu. Niliionea wivu meza yako. Ulikuwa ukifunga mlango, mimi nakaa nje na chai inapoa, nakusikia ukijisomea Kifaransa kwa sauti laini ambayo mimi hukunipa hata siku moja. Ukitoka nakuuliza, "Leo umeandika nini?"

"Habari za watu wanaoogopa kukosea."

"Na mimi je, utaniandika lini?"

"Wewe sikuandiki. Wewe nakaa na wewe."

Jibu lile nilitembea nalo kama nguo mpya. Sasa naambiwa uliniandika, na mimi sikujua.

Lakini kuna kitu kimoja hukuwapa. Ni jina la Kisukuma alilokupa mama yangu siku uliyokuja Kisesa kujitambulisha. Mama aliondoka nalo duniani, nikabaki mimi peke yangu wa kukuita hivyo, jioni, tukiwa wawili. Nimemuuliza Klara kama analijua. Hajawahi kulisikia. Pale hospitali, siku ya mwisho, alikuita kwa simu, "Papa, Papa," nikiishikilia sikioni mwako, hukutikisika. Nilipokuita mimi kwa jina lile, ulifungua macho.

Nilitaka lichongwe. Nililiona kabisa pale juu, limepita yale ya vinu na vitabu. Kisha nikawaza wageni watakaofika na vitabu vyako mkononi. Watalisoma, watalipiga picha, mmoja ataliandikia insha.

Leo mchana nimempigia Klara.

"Andikeni hayo yenu, mwanangu. Yanatosha."

"Huongezi kitu, mama mdogo? Hata neno moja?"

"Hata moja."

Nadhani alinionea huruma. Asinionee. Hata hapa jina lile sijaliandika, maana barua hii huenda ikasomwa na wengine. Wao wachukue jiwe. Jumapili nikitoka misani nitapanda kule kaburini, nitahakikisha hakuna mtu karibu, ndipo nitakuita.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo