Msalaba wa Chaki

Jumatano, mvua tangu alfajiri. Gisenyi nzima hakuna mdomo mtamu kuliko wangu, na anayebisha aje mpakani, Petite Barrière, ninakobeba mizigo. Kwa mdomo huu hata mama wauza dagaa wa sambaza wananyamaza, na wale hawanyamazi wakiwa kanisani.

Sasa mdomo huo una kidonda, nami nina hasira.

Ni kirusi kinaitwa herpes. Mshenzi! Binamu yangu Aline, anayesomea uuguzi, alinieleza asubuhi kwenye benchi la hospitali. Shule niliiacha mapema, lakini hili nimelielewa kuliko yeye. Pale mpakani, nyanya zikioza, mtu wa chaki anachora msalaba kwenye kreti. Ukiona msalaba hauulizi, unatupa. Seli ya mwili nayo hivyo hivyo: protini mbovu inabandikwa alama, mashine inaikatakata.

Bon. Herpes akiingia hapigani. Anakuja na chaki yake! Anawachora walinzi wa seli, wazima kabisa, na seli yenyewe inawasaga. Kisha anazaliana kwa raha zake.

Mwoga we! Ningekuona ningekuzamisha Ziwa Kivu na jiwe shingoni.

Mtoto mchanga wa dada yangu Zawadi yuko wodini na homa. Hanyonyi. Dawa inapita kwenye mshipa, kamkono kenyewe kama kidole changu. Zawadi ameuliza mara moja tu: "Hiki kitu kilipita wapi, na sisi wote tulikuwepo?"

Nikafunika mdomo kwa kiganja.

Jumapili tulimpa mtoto jina. Kila mtu alimpakata kwa zamu na kutaja jina alilomchagulia. Ilipofika zamu yangu, Aline akasimama: "We, na hicho kidonda, usimubusu mutoto!"

Nikawageukia watu. "Mumuache, iko na wivu. Bwana hana, sasa anatuharibia sherehe."

Walicheka sana, hata Zawadi. Shangazi akamtuma Aline jikoni aangalie maharage. Akaenda.

Nikambusu mtoto mdomoni, wakapiga makofi.

Matusi yangu kwa kirusi yameisha. Aline yuko bado pale kwenye benchi, analoweka kitambaa cha kumpoza mtoto, na hajaninyooshea kidole.

Jumapili ile tulikuwa na mlinzi mmoja tu. Msalaba nilimchora mimi.