Neno Alilolisema Mgeni Juu ya Kifo cha Baba

Gitega, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima; moyo ndio unaouma. Mgongo wako unaendeleaje? Na mvua, imefika huko Butihinda, au mihogo bado inateseka?

Mama, hapa Gitega alikuja mgeni mmoja Mzungu kukusanya simulizi za sisi tuliorudi kutoka Tanzania. Kanisani wakanichagua nizungumze naye. Nikamweleza tulivyokimbia vita, baba alivyotuficha kwenye mtama kisha akarudi kumchukua bibi, na tulivyoisikia sauti ya baba ikiita mara moja, basi. Sikuwahi kuyasema hayo mbele ya watu. Nilipomaliza, mgeni akatikisa kichwa, akasema, "Terrific."

Mkalimani, kijana wa hapa mjini, akanigeukia. "Anasema ni jambo la kutisha sana."

Nililia, mama. Nikajiambia, angalau mtu wa mbali ameuona uzito wake.

Juzi mgeni huyo akaingia dukani kwa Bi Shirin, yule mama wa Kihindi aliyeniajiri kuuza vitenge. Nikamfunulia kimoja cha njano. Akakipapasa, akachekelea: "Terrific!" Nikaduwaa. Kitenge nacho kinatisha?

Alipotoka nikamuuliza Bi Shirin, maana yeye Kiingereza anakijua tangu utotoni.

"We, hiyo neno iko na historia," akasema. "Ilitoka kwa Kilatini, maana yake kutisha. Na terreur ya Kifaransa, ile ya hofu kubwa, ni ukoo moja. Halafu Waingereza wakaitumia kwa kitu yoyote kubwa kupita kiasi: kelele, dhoruba. Mwisho ikawa kitu nzuri sana. Leo mtu akisema hivyo, anasifu."

"Na mkalimani?"

"Labda alisoma kamusi, dictionnaire ya zamani. Ao alikuonea huruma. Mi sijui."

Nikatoka mbio. Mgeni alikuwa bado anafungua mlango wa gari. Bi Shirin akanifuata, nikamwomba anitafsirie: "Muulize, kifo cha baba yangu kilikuwa na uzuri gani?"

Alisita, lakini aliuliza. Uso wa yule bwana ukawa mwekundu. Akasema hakusifu kifo, alisifu nilivyosimulia. Tena akaniomba nirudie mbele ya wageni wake wengine, polepole zaidi, na pale baba alipoita nipatilie mkazo, kwa sababu ndipo panapowagusa watu.

Nikamwambia sitaki.

"Si neno," akajibu. Amesikia mama yangu yuko hai huko Butihinda, atakwenda kumsikiliza yeye.

Mkalimani simlaumu. Alinipa neno nililolihitaji. Kinachoniuma ni kwamba lilikuwa lake yeye, si la mgeni niliyelia mbele yake.

Nisalimie kaka Elia, mwambie asikuachie jembe peke yako. Msalimie na shangazi anayekuchotea maji, Mungu amzidishie nguvu, na mchungaji wetu aliyetupokea siku tuliporudi.

Mama, gari la mgeni huyo likifika hapo nyumbani, mimi sikukatazi. Wewe ndiye mjane wake, na mengine uliyaona ambayo mimi, mtoto, ulinifunika macho nisiyaone. Ukitaka kusema, sema. Lakini ujue mapema: ukishamaliza kulia, atakusifu.

Ni mimi binti yako,
Edisa